Neno Moja Lenye Mizigo Mingi

Mtu akitaka kuujua ugumu wa lugha ya Kiingereza, asianze kwa maneno marefu. Maneno marefu hayana hila nyingi. Ukiyatafuta katika kamusi utakuta maana moja au mbili, na kazi imekwisha. Maneno yasumbuayo ni yale mafupi, ambayo kila mtoto wa shule huyasoma na ambayo kila mtu hudhani amekwisha kuyafahamu. Katika kamusi kubwa ya Oxford, chapa ya mwaka 1989 yenye vitabu 20, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko maneno yote lilikuwa la herufi tatu tu, nalo ni "set".

Leo nataka tulitazame neno jingine la namna hiyo, yaani "charge". Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni neno ambalo mkulima na karani hukutana nalo siku zote: dukani, kortini, hospitalini, benki, na hata katika simu ya mkononi. Pili, ni neno ambalo mtu asipolielewa vema laweza kumpotezea shamba lake.

Tukifungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili tutakuta kwamba "charge" ni malipo. Tena ni shtaka. Tena ni ulinzi na madaraka. Tena ni shambulio la askari. Tena ni baruti itiwayo katika bunduki. Tena ni nguvu ya umeme. Na mwisho ni rehani. Msomaji atashangaa. Malipo na shtaka vina undugu gani? Askari anayemkimbilia adui na simu inayotiwa umeme vimekutana wapi? Wengi hukata tamaa hapo, wakasema kwamba Waingereza walikuwa wavivu wa kutunga maneno, ndiyo maana wakalitumikisha neno moja kama punda wa kijiji kizima. Lakini sivyo. Maana hizi zote ni watoto wa mama mmoja, na mama huyo akijulikana, watoto wote hutambulikana kwa sura zao.

ASILI YAKE NI GARI

Zamani sana watu wa Gaul, nchi ambayo sehemu yake kubwa sasa ni Ufaransa, walikuwa na gari la magurudumu la kuchukulia mizigo. Warumi walilichukua jina la gari hilo wakaliita "carrus" katika Kilatini. Baadaye katika Kilatini cha siku za mwisho likazaliwa neno lenye maana ya kupakia mzigo garini, na Wafaransa wakaligeuza katika matamshi yao likawa "charger". Mwaka 1066 watu wa Normandy waliishinda Uingereza, na kwa muda mrefu Kifaransa kikawa ndicho lugha ya wakubwa na ya mabaraza ya sheria katika nchi ile. Ndipo neno hili lilipoingia katika Kiingereza, likiwa na maana yake ya kwanza: kutwika mzigo.

Basi mama wa maana zote ni MZIGO. Mfaransa wa leo bado husema "charger" akiwa na maana ya kupakia lori. Neno "cargo", yaani shehena ya meli, ni la ukoo huo huo, nalo lilifika kwa njia ya Kihispania. Hata sisi tusemapo "motokaa" twalitaja lile gari la watu wa Gaul bila kujua.

Wala mtu asidhani kwamba Wazungu peke yao ndio waliofikiri hivi. Neno letu "shehena" tulilipata kwa Waarabu, na katika Kiarabu neno la shina hilo hilo lina maana ya kupakia chombo, na siku hizi lina maana ya kuitia simu umeme vilevile.  Yaonekana tu kwamba binadamu wa nchi mbalimbali, wakitafuta neno la kukieleza kitu kilichojazwa nguvu, hukumbuka chombo kilichojazwa mzigo.

MZIGO WA FEDHA NA MZIGO WA HATIA

Sasa tuchukue neno hili "mzigo" kama taa, tumulike maana moja moja.

Mwenye duka akisema "charge" yake ni shilingi 50, maana yake amekutwika mzigo wa kulipa shilingi 50. Ukiona katika zahanati maandishi yasemayo "free of charge", maana yake hutatwikwa mzigo wo wote wa fedha. Mfanya biashara akizidisha bei huwa amekutwika kupita kiasi. Na mtumishi wa Serikali aliyepoteza fedha za umma kwa uzembe wake aweza kutozwa "surcharge", yaani kuongezewa mzigo wa kuzirudisha fedha hizo kutoka mfukoni mwake. Sisi makarani twalifahamu sana neno hilo, na wengi wetu hatulipendi hata kulisikia.

Katika mambo ya hesabu neno lina kazi nyingine. Karani akiambiwa a-"charge" gharama za safari katika kifungu fulani cha hesabu, maana yake kifungu hicho ndicho kitakachoubeba mzigo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika sehemu ya 160, yasema kwamba mishahara ya majaji ni "charge" juu ya Mfuko Mkuu wa fedha za Serikali. Msomaji asiyeangalia aweza kudhani kwamba majaji wanatozwa kitu, au wameshtakiwa! Kumbe maana yake ni kwamba Mfuko ule umekwisha kutwikwa mzigo wa kuwalipa, ili pasiwepo mtu wa kuwatisha majaji kwa kuwanyima mishahara.

Tuingie kortini. Askari polisi wakimwandikia mtu "charge", wamemtwika mzigo wa hatia, naye atasimama mbele ya hakimu ili kutafuta kuutua. Lakini tukumbuke kwamba kutwikwa si kuthibitishwa. Mshtakiwa bado hana hatia mpaka korti iseme anayo. Vijijini kwetu watu wengi husikia kwamba fulani amepewa "charge", wakaanza kumwita mwizi papo hapo. Hiyo ni kuifahamu vibaya sheria, na ni kumdhulumu jirani.

ALIYE MADARAKANI NA ALIYE MIKONONI MWA ASKARI

Mtu aliye "in charge" ya kituo, ghala au wodi ya hospitali ni yule aliyetwikwa mzigo wa kazi ile. Wengi hulichukulia neno hili kuwa ni heshima tu, wakafurahi kuitwa "in-charge" kama kwamba ni cheo cha kukalia kiti. Lakini neno lenyewe halikusema kiti, lilisema mzigo. Ghala likiibiwa, wa kwanza kuulizwa ni yeye.

Hapa pana jambo la kuchekesha. Katika Kiingereza cha Uingereza, askari akimkamata mtu husemwa kwamba amemchukua "in charge". Kwa hiyo katika kituo kimoja cha polisi aweza kuwapo mkubwa aliye "in charge" na mwizi aliye "in charge", mmoja akizishika funguo na mwingine akifungiwa kwa funguo hizo. Neno ni lile lile na mzigo ni ule ule, ila mmoja ameubeba na mwingine ndiye mzigo wenyewe.

FARASI, SAHANI NA UMEME

Zamani askari wa mkuki akitaka kupigana aliuweka mkuki wake tayari, ameuelekeza kwa adui. Kitendo hicho kiliitwa "charge", na baadaye mbio zake kumwendea adui zikaitwa hivyo vilevile. Walipokuja wenye bunduki na mizinga, kuitia silaha baruti yake kukaitwa "charge" pia, kwa kuwa ni kuipakia.

"Charge" iliyo mashuhuri kuliko zote katika vitabu vya Kiingereza ni ile ya Balaclava, katika vita vya Crimea, tarehe 25 Oktoba 1854. Wapanda farasi wa Kiingereza zaidi ya 600 waliikimbilia mizinga ya Warusi katika bonde lililokuwa na mizinga mbele na kando, na wengi wakauawa au kujeruhiwa. Mshairi Tennyson alitunga shairi juu yao mwaka ule ule. Lakini sababu ya msiba ule ndiyo itupasayo kuifikiri. Jemadari Raglan alipeleka amri ya maandishi ya kuwazuia adui wasiondoe mizinga, lakini amri haikueleza wazi ni mizinga ipi. Yeye mwenyewe alikuwa juu ya kilima, akiona mizinga yote. Waliopokea amri walikuwa chini, nao hawakuiona ile aliyoikusudia. Basi wakaiendea mingine. Neno lililo wazi kwa mwandishi si lazima liwe wazi kwa msomaji, na pengine gharama ya jambo hilo hulipwa kwa maisha ya watu.

Farasi wa vita aliitwa "charger". Lakini katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 imeandikwa kwamba kichwa cha Yohana Mbatizaji kililetwa katika "charger". Mwanafunzi asomaye habari hiyo bila mwalimu aweza kufikiri kwamba kililetwa juu ya farasi. La, "charger" ya pale ni sahani kubwa ya kupakulia nyama, iliyoitwa hivyo kwa sababu hujazwa vyakula. Na kijana wa leo ukimtajia "charger" hatafikiri farasi wala sahani. Atatia mkono mfukoni akutolee waya wa simu.

Maana hiyo ya umeme ilianza katika karne ya 18. Wataalamu wa wakati ule, na miongoni mwao Benjamin Franklin wa Marekani, walidhani kwamba umeme ni kama maji yasiyoonekana, yanayoweza kumiminwa katika chupa maalum na kukaa humo. Kwa hiyo walisema chupa "imejazwa", yaani imepakiwa mzigo wake. Baadaye elimu iliendelea, ikajulikana kwamba umeme si maji, lakini neno halikubadilika. Ndilo tulilolirithi katika Kiswahili tusemapo kwamba simu imekwisha chaji.

MZIGO JUU YA SHAMBA

Nimeyaeleza hayo yote ili tufike hapa, penye jambo kubwa.

Mwaka 1954 Serikali ya Kenya ya wakati ule ilitoa mpango wa Bwana Swynnerton wa kuendeleza kilimo cha Waafrika. Moja ya mashauri yake lilikuwa vipande vya ardhi vikusanywe pamoja, na kila mkulima apewe hati ya shamba lake, ili aweze kuiweka kuwa dhamana ya mkopo. Mwaka 1963 ikatungwa sheria ya ardhi zilizoandikishwa, na katika sheria hiyo mkopo wa namna hii ukapewa jina la "charge". Sheria ile ilifutwa mwaka 2012, lakini Sheria ya Ardhi iliyotungwa mwaka huo imelishika jina lile lile.

Basi "charge" juu ya shamba ni nini? Ni mzigo wa deni uliotwikwa ardhi yenyewe. Sheria ya mwaka 2012 yasema kwamba "charge" ni dhamana tu, wala haimpi mkopeshaji umilikaji wa shamba. Mwenye shamba hubaki mwenye shamba. Hulima, huvuna na huuza mazao yake. Lakini katika daftari la ardhi, sehemu ya mizigo, deni huandikwa, na tangu siku hiyo shamba hutembea na mzigo wake kichwani. Hata likiuzwa, mzigo huenda nalo kwa mnunuzi, isipokuwa umetuliwa kwanza.

Sasa tazama hatari iliyopo katika neno hili. Barua moja ya mkopo yaweza kuwa na "bank charges", ambayo ni malipo ya kazi za benki. Tena "legal charges", ambayo ni malipo ya wakili. Tena "legal charge", ambayo ni rehani juu ya shamba. Kati ya hayo mawili ya mwisho tofauti ni herufi moja tu, ile "s". Mwenye kulipa la kwanza huhesabu mamia au maelfu ya shilingi akapewa risiti. Mwenye kutia sahihi katika lile jingine ameweka ekari zake zote, pamoja na makaburi ya baba zake.

Mzee mmoja mkulima wa kahawa alifika mezani pangu na barua mkononi, uso wake umejaa hasira. Akaniambia, "Mwanangu, watu hawa hawatosheki. 'Charge' yao nimekwisha kuilipa, na risiti hii hapa." Nikaitazama risiti ile, ilikuwa ya ada ya wakili. Kisha nikaisoma barua. Haikuwa ankara, bali ilikuwa ilani ya kwamba malipo ya mkopo yamechelewa, na kwamba asipolipa katika muda uliotajwa hatua zitachukuliwa juu ya shamba. Nikamwambia, "Mzee, ulichokilipa ni ujira wa aliyeandika karatasi. Mzigo wenyewe bado u juu ya shamba." Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Siku zimebaki ngapi?" Kwa bahati nzuri zilikuwa zimebaki za kutosha. Alirudi nyumbani, akakaa na mama wa nyumba na wanawe, wakauza ng'ombe wawili, naye akaenda kupatana na waliomkopesha juu ya namna ya kumaliza sehemu iliyobaki. Shamba halikwenda mnadani. Lakini kama angaliendelea kuikasirikia ile barua na kuiweka chini ya godoro, mambo yangalikuwa mengine.

Yafaa kila mwenye shamba ajue muda aliopewa na sheria. Mtu akikosa kulipa na mwezi 1 ukapita, mkopeshaji aweza kumletea ilani ya maandishi, nayo lazima impe muda usiopungua miezi 3 wa kulipa kilichochelewa. Muda huo ukipita bila malipo, na mkopeshaji akikusudia kuuza, lazima alete ilani nyingine ya kuuza, wala hawezi kuyatimiza mauzo kabla siku 40 hazijapita. Tena yampasa kutafuta bei iliyo bora kadiri inavyowezekana. Na nyumba ambayo mume na mke wanakaa haiwezi kutwikwa mzigo huo na mmoja wao kwa siri. Mwenzake lazima akubali katika karatasi zenyewe. Haya ni ulinzi mkubwa, lakini humfaa yule tu anayeisoma barua siku aliyoipokea.

Tena wapo wanaoombwa na ndugu au rafiki watoe hati zao ziwe dhamana ya mkopo ambao wao wenyewe hawataugusa. Wahenga walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Maana yake, ukiwa kichwani pa mwingine huuona mwepesi. Lakini ukitia sahihi, kanda lile huwa kichwani pako, na pengine utakuta ndani yake si usufi bali mawe.

KUTUA MZIGO

Kila chenye kutwikwa chahitaji kutuliwa, na Waingereza walilifanyia hilo neno lake, "discharge". Ukilishika kwa mkono wa "mzigo", halikusumbui. Meli ikishusha shehena, bunduki ikilia, mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, mfungwa akifunguliwa, askari akimaliza utumishi, hata kidonda kikitoa usaha, yote huitwa "discharge".

Na shamba pia lina "discharge" yake. Mtu akimaliza kulipa deni asitosheke na kupeana mikono na meneja na kurudishiwa hati yake. Sharti apewe karatasi ya kuutua mzigo, iliyotiwa sahihi na mkopeshaji, naye aipeleke ofisi ya kuandikisha ardhi ili mzigo ufutwe katika daftari. Wako waliolipa hata senti ya mwisho, wakafa bila kufanya hivyo; na watoto wao walipotaka kugawana shamba, wakakuta daftari bado lasema kwamba baba yao anadaiwa. Kwa sababu hiyo hiyo, atakaye kununua ardhi na aombe kwanza daftari lipekuliwe, aone kama sehemu ya mizigo i tupu. Hati nzuri mkononi mwa muuzaji haitoshi.

MASWALI MATATU

Kuna watu wasemao kwamba dawa ya mambo haya ni kuogopa mikopo. Mimi sisemi hivyo. Mkopo uliotumiwa vizuri umenunua ng'ombe wa maziwa, umechimba visima, umelipa karo za shule. Mzigo si kitu kibaya kwa mtu ajuaye uzito wake, njia yake na mahali pa kuutua. Kinachoua ni kutwikwa gizani. Wazee walisema, "Kukopa harusi, kulipa matanga," na mara nyingi matanga hayo huanza siku ile ile ya harusi, pale mtu atiapo sahihi katika neno ambalo hakuuliza maana yake.

Basi, ndugu msomaji, likikutokea neno "charge", katika karatasi yo yote, usilikimbilie kamusi kwanza. Jiulize maswali matatu: Ni mzigo gani huu? Umewekwa juu ya nini: mfuko wangu, jina langu, kazi yangu, au shamba langu? Na utatuliwa lini, na kwa karatasi gani? Ukiweza kuyajibu, umelielewa neno kuliko wengi waliosoma. Na usipoweza, muulize mtu ajuaye kabla hujashika kalamu. Na karani atakayeulizwa asimcheke mzee wa watu. Amsomee barua yake polepole mpaka mwisho, kwa maana hiyo nayo ni "charge" aliyopewa yeye.